Ini, Moyo na Karuho: Historia ya Tumbo Lenye Kujaa katika Masisi na Walikale

1. Msiba wa kwetu

Karibu kila jamaa ya Masisi ina hadithi ya namna hii. Mimi naanza na ile ya kwetu.

Mjomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa mchuuzi. Alipandisha mafuta ya mawese kutoka Walikale, akashusha maharagi na mbuzi kutoka Masisi. Biashara ilimkubali, akanenepa, na watu wakawa wanamwita Patroni. Mwaka wa 2006 miguu yake ilianza kuvimba. Pumzi ikawa fupi, usiku akawa analala ameketi. Halafu tumbo lenyewe likajaa maji na macho yakageuka manjano kidogo. Mbele mtu yeyote ataje hopitali, jina la ugonjwa lilikuwa limekwisha kupatikana: « Bamemupa karuho. »

Kwa msomaji mwenye hakukaa Kivu: karuho ni sumu ya polepole yenye watu wanasema inatiwa ndani ya pombe au chakula, nayo inamkausha mtu ao inamvimbisha mpaka afe. Basi ukatafutwa mkono wenye ulimpa. Wakakumbuka kwamba kwenye matanga alikunywa kasiksi nyumbani kwa mjane mmoja, jirani yetu. Hakuna mwenye aliona kitu. Lakini usiku mmoja vijana walizunguka nyumba ya yule mama, na kesho yake asubuhi alifunga vitu vyake akaenda na watoto wake wawili. Hatukumwona tena.

Mjomba alifika hopitali akiwa amekwisha kuchelewa. Daktari alimpitishia mashine ya ekografi, kisha akatuita sisi wapwa pembeni. Alisema moyo umepanuka na umechoka. Ini limejaa mafuta, tena limevimba sababu damu haipiti vizuri. Mjomba alikuwa na tansioni na ugonjwa wa sukari tangu miaka bila kujua. Baada ya wiki tatu tulimzika.

Ninaandika insha hii kama mtu mwenye kulipa deni. Nataka kuonyesha, kwa njia ya historia, namna gani ini na moyo vinafungana, na kwa nini sisi watu wa Masisi na Walikale tulikawia kuona kifungo hicho.

2. Mutima na ini

Tuanze na maneno. Katika Kihunde na Kinyanga moyo unaitwa mutima, na Wanyarwanda wanasema umutima. Hata Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno mtima. Ni mzizi mmoja wenye babu zetu walibeba katika safari zao zote. Ndani ya mutima wazee waliweka mapenzi, hasira, akili na siri. Mtu mwema ana mutima mwema.

Ini nalo halikusahauliwa. Watu wa pwani wakiumizwa na maneno wanasema yamewakata maini. Wazulu kule kusini wanatumia neno moja, isibindi, kwa ini na kwa ushujaa. Katika Kinyarwanda ini ni umwijima, na neno hilo hilo ni giza. Mimi napenda sana jina hilo. Ini linakaa gizani, upande wa kuume chini ya mbavu, halipigi kama moyo, halilii kama tumbo. Linaweza kuugua miaka 10 au 20 bila kusema hata neno moja.

Mwenye alichinja mbuzi anajua kitu kingine. Ukitoa ini na moyo, vinatoka vikiwa vinafuatana, sababu mshipa mkubwa wa damu unatoka tumboni, unapita nyuma ya ini na kuingia moyoni. Wazee wetu waliona jambo hilo kwa macho kila siku ya sikukuu. Yenye hawakuweza kuona ni mambo yenye kupita ndani ya mshipa ule.

3. Chakula cha mlima na chakula cha pori

Masisi ni nchi ya milima na baridi. Walikale, sekta za Wanianga na Bakano, ni nchi ya pori na joto, nayo sehemu kubwa iko chini ya mita 1,000. Tangu zamani nchi hizi mbili zilikuwa zinakulishana. Mlima ulikuwa na ndizi, maharagi, viazi vitamu na mbuzi. Pori lilikuwa na ndizi zake, mawese, nyama ya kutega, samaki wa mito, uyoga na viwavi. Nyama ilikuwa kidogo, na kila kipande cha mnyama kilikuwa na mwenyewe: cha mwami, cha wazee, cha mwenye mtego, cha wajomba. Mtu hakukula nyama peke yake. Mafuta vilevile yalikuwa kitu cha siku kubwa, na mtu alitembea kwa miguu mlima na bonde mbele ya kuyafikia.

Sisemi kwamba ilikuwa paradiso. Kulikuwa na njaa, na watoto walikufa. Lakini mwili wa mtu mzima ulikuwa na msimu wa kushiba na msimu wa kufunga mkanda, na ini lilikuwa na wakati wa kuweka akiba na wakati wa kuitoa.

Halafu mambo yaligeuka moja baada ya lingine. Tangu 1917 Wabeleji walilazimisha watu kulima mashamba ya amri, na muhogo ukaenea sana. Kati ya 1937 na 1955 walileta makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaweka Masisi, kwanza upande wa Gishari. Pori la mlima likakatwa, mashamba makubwa na malisho yakaenea. Kwa Masisi maziwa yakawa mali, na baadaye fromaji ya Masisi ikajulikana mpaka Kinshasa. Lakini ng'ombe nyingi zilikuwa za watu wachache, na mtoto wa mkulima aliweza kukaa karibu na malisho bila kuonja maziwa.

Mwezi wa tatu 1993 vita vilianzia kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, vikapanda mpaka Masisi. Vikafuata wakimbizi wa 1994, vita vya 1996 na 1998, na vingine vyenye havijatuacha mpaka leo. Mwanzoni mwa 2025 mapigano yalifika Masisi-centre, na mwezi wa tatu mwaka ule ule yakafika Walikale-centre. Kila mara ni lile lile: shamba linaachwa, mbuzi zinaibiwa, watu wanajaa kwenye kambi. Mbele ya hapo, katika miaka ya 2000, kasiterite ya Bisie ilikuwa imefungua Walikale kwa namna nyingine. Ndege ndogo zilikuwa zinashuka juu ya barabara kule Kilambo, zinabeba madini, zinaleta mchele, sukari, unga na chupa za bia. Kijana wa machimbo aliweza kunywa kwa usiku mmoja yenye babu yake alikunywa kwa mwezi.

Hivi, katika nchi moja na wakati mmoja, tukawa na matumbo ya namna mbili: tumbo la mtoto mwenye kukosa, na tumbo la patroni mwenye kuzidisha. Nani angefikiri kwamba ndani ya yote mawili ini linaweza kuwa na mafuta?

4. Bwaki: ini la mtoto

Kila mama wa Kivu anajua bwaki. Mtoto anaachishwa ziwa sababu mama ana mimba nyingine, anakula bugali wa muhogo mtupu, kisha anavimba miguu na uso, nywele zinakuwa nyekundu, ngozi inachubuka, hataki kucheza. Mama anaweza kudanganyika na kusema: « Mutoto ananenepa. »

Wazungu waliiita kwashiorkor, na jina hilo si la Kizungu. Daktari mwanamke Cicely Williams aliandika juu ya ugonjwa huo mwaka wa 1933, akiwa kazini katika nchi yenye leo ni Ghana, na mwaka wa 1935 akatumia jina la wenyeji Waga: ugonjwa wenye unampata mtoto wakati mdogo wake anazaliwa. Mamama wa kule walikuwa wamekwisha kujua sababu yake, na wakaiweka ndani ya jina. Mwaka wa 1950 Brock na Autret walitumwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa kuzunguka nchi za Afrika, na ripoti yao ya 1952 ilionyesha kwamba ugonjwa huo ni janga la bara zima.

Madaktari walipopasua maiti za watoto hao waliona ini kubwa, la rangi ya manjano, lenye kujaa mafuta. Kuna watoto wenye ini lao lilikuwa mafuta karibu nusu ya uzito wake. John Waterlow aliona mambo hayo hayo katika visiwa vya Karibi, na mwaka wa 1948 alitoa kitabu chenye jina lake lilitaja ini lenye mafuta la watoto. Mtoto hakula mafuta, mafuta yalitoka wapi? Jibu moja ni hili: ini ni kama magazini. Linapokea chakula, linakigeuza, kisha linafunga mafuta ndani ya vifurushi vya protini na kuyatuma mwilini. Protini zikikosa, vifurushi havifungwi, na mzigo unabaki magazini. Kuna sababu nyingine pia, na mpaka leo wataalamu wanazichunguza.

5. Mulago: ini na moyo chini ya dari moja

Hapa tuvuke mpaka kidogo, twende Kampala, njia yenye wachuuzi wetu wanaijua. Kwenye hopitali ya Mulago, katika miaka ya 1940 na 1950, kulikuwa na watu wawili wenye kazi yao inatuhusu: Hugh Trowell, daktari wa wagonjwa, na J. N. P. Davies, mwenye kuchunguza maiti. Mwaka wa 1954 wao na mwenzao Dean walitoa kitabu kikubwa juu ya kwashiorkor. Wakati ule wengi walifikiri kwamba ini la mtoto wa bwaki linakuja kukauka na kuwa gumu akiwa mzima. Baadaye ilionekana sivyo: mtoto akipata chakula kizuri, mafuta yanatoka. Ini gumu na kansa ya ini ya watu wazima katika Afrika vilipata maelezo mengine, zaidi hepatiti B, na sumu ya ukungu yenye kuota juu ya karanga na mahindi yenye kuwekwa vibaya.

Davies huyo huyo, mwaka wa 1948, alieleza ugonjwa wa moyo wenye hakuna mtu alikuwa ameueleza vizuri kwa Waafrika: ndani ya moyo kunaota ngozi ngumu, moyo unashindwa kufunguka, damu inarudi nyuma, ini linavimba na tumbo linajaa maji. Soma tena sentensi hiyo ukiwa unafikiri juu ya karuho. Mtu ana tumbo kubwa, kila mtu anatazama tumbo, kumbe mgonjwa ni moyo.

Naye Trowell aliona jambo lingine. Katika miaka yake mingi ya kazi Kenya na Uganda, ugonjwa wa mishipa ya moyo kuziba, wenye ulikuwa unaua Wazungu wengi kwao, hakuuona kwa Waafrika. Mwaka wa 1956 yeye na Singh waliandika juu ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa huo, na mtu mmoja tu alitosha kwa kuandika makala katika gazeti la waganga! Leo hakuna daktari wa Kampala, wa Nairobi ao wa Goma mwenye angeandika makala sababu ya mgonjwa mmoja wa namna hiyo. Katika maisha ya mtu mmoja ugonjwa wa ajabu umekuwa ugonjwa wa jirani.

6. Ini la patroni

Mwaka wa 1980, kule Marekani, Ludwig na wenzake walieleza juu ya wagonjwa wenye ini lao lilikuwa kama la mlevi, nao hawakuwa walevi. Wengi walikuwa wanene, na wengine walikuwa na sukari. Tangu hapo ugonjwa umeenea. Inahesabiwa kwamba leo zaidi ya mtu mzima 1 kati ya 4 duniani ana mafuta ndani ya ini. Mwaka wa 2023 wataalamu waliubadilisha jina ili lionyeshe kwamba unafungana na mambo ya sukari, uzito, tansioni na mafuta ya damu.

Sasa tufike kwenye kifungo chenyewe. Mtu angefikiri kwamba mwenye ini la mafuta atakufa sababu ya ini. Wengine wanakufa hivyo, ini likikauka ao likipata kansa. Lakini zenye zinaua wengi zaidi ni magonjwa ya moyo na mishipa. Kwa nini?

Turudi kwenye magazini. Mtu anakula na kunywa kuzidi kazi yake. Mwili unaweka akiba chini ya ngozi, kisha ndani ya tumbo, kisha ndani ya ini lenyewe. Ini lenye kujaa linaacha kusikia amri ya insulini, lile dawa la mwili lenye kutuliza sukari. Basi linamwaga sukari ndani ya damu hata wakati haihitajiwi. Linatuma mafuta mengi barabarani. Linawaka moto mdogo mdogo wenye hausikiki kama homa. Mafuta yale yanashika ndani ya kuta za mishipa, mishipa inakuwa myembamba na migumu, tansioni inapanda, na moyo unasukuma kama mtu mwenye kupandisha baiskeli ya mizigo mlima usio na mwisho. Siku moja mshipa unaziba. Ao moyo unachoka polepole, unapanuka, damu inarudi nyuma, nalo ini linavimba. Kwa hiyo ini linaumiza moyo, na moyo ukichoka unaumiza ini. Hiyo ndiyo habari ya mjomba wangu. Hakuna mkono wa mtu ndani yake.

Pombe nayo ina njia yake. Kasiksi, bia, na zaidi kanyanga, vinatia mafuta ndani ya ini hata kwa mtu mwembamba. Mwenye kunywa sana na tena ana kitambi amebeba mizigo miwili.

7. Yenye Lwiro ilituonyesha

Kuna mlango mmoja wenye unaunganisha tumbo la mtoto na tumbo la patroni, nao uko karibu nasi, Lwiro, katika Kivu ya Kusini. Pale Wabeleji waliweka kituo cha utafiti mwaka wa 1947, na hopitali yake imetibu watoto wengi wa bwaki. Watafiti wa Kongo na wenzao wa Ubeleji walitafuta tena watu wenye walitibiwa pale utotoni kati ya 1988 na 2007, wakawalinganisha na wenzao wa vijiji vile vile wenye hawakupata ugonjwa huo. Matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba wale wenye walipita katika njaa kali, wakiwa wakubwa, walikuwa na mafuta ya tumboni zaidi na dalili zaidi za ule mkusanyiko wa mambo yenye kuleta sukari na ugonjwa wa moyo.

Maana yake ni nzito. Mwili wenye ulijifunza njaa ukiwa mdogo unashika kila kitu ukipata. Watoto wa 1993, wa 1994, wa 1996, wenye walipona katika Masisi na Walikale, leo ni watu wazima wenye familia. Wengine wamefika Goma, wanakula mchele, sukari na vitu vya kukaanga, wanapanda pikipiki. Vita vyenye havikuwaua kwa njaa vinaweza kuwafuata kwa njia ya moyo.

8. Mila yenye kuponya na mila yenye kuua

Turudi sasa kwa mila, maana kitabu hiki ni cha mila. Wazee wetu waliogopa sumu, na waliweka desturi ya kujikinga bila kugombana. Mwenye pombe anaonja wa kwanza, ndipo anampa mgeni. Watu wanakunywa chombo kimoja kwa mirija. Hata leo chupa inafunguliwa mbele ya macho ya mgeni. Ni mila nzuri. Inasema: mimi na wewe tunakunywa kifo kimoja ao uzima mmoja.

Lakini mila hiyo ilikuwa na ndugu yake mbaya: kila tumbo lenye kujaa linatafuta mwenye kosa. Na mwenye kosa karibu kila mara ni mtu asiye na wa kumtetea: mjane, mzee peke yake, mtu wa kabila lingine, mkimbizi mpya kijijini. Katika nchi yenye imekwisha kugawanyika kwa vita, neno karuho ni kama kiberiti mbele ya nyumba ya nyasi. Sisemi kwamba hakuna mtu mwenye aliwahi kumpa mwenzake sumu. Ulimwengu mzima una watu wa namna hiyo. Nasema kwamba ini na moyo vimeua wengi wetu, na majirani zetu wamelipa.

Kuna mila nyingine yenye tuliipoteza na ingetusaidia: ile ya kipimo. Nyama iligawanywa na mafuta yalikuwa ya siku kubwa. Mtoto akiachishwa ziwa, nyumba yenye busara ilimtafutia maharagi, samaki na mboga, haikumwachia bugali peke yake. Wataalamu wa leo hawasemi mengi zaidi ya hayo. Mtu mnene akipunguza karibu sehemu 7 mpaka 10 kwa 100 za uzito wake, mafuta ya ini yanapungua, na moyo unapumzika. Dawa hiyo inapatikana hata kijijini chenye hakina famasi: kutembea, kupunguza pombe na sukari, kurudi kwa maharagi, lenga-lenga na sombe isiyozama ndani ya mafuta.

9. Mwisho

Ndugu msomaji, siku nyingine ukisikia watu wanasema « bamemupa karuho », uliza maswali matatu mbele ya kuuliza jina la mtu. Je, tansioni yake imepimwa? Je, sukari yake imepimwa? Je, analala chali ao analala ameketi sababu ya pumzi? Kituo cha afya chenye mashine ndogo ya tansioni kinaweza kuokoa watu wawili kwa siku moja: mgonjwa, na yule mwenye angeshtakiwa.

Mjane wa kwetu kama bado yuko hai ni mzee sasa. Sijui kama aliishia Goma, Uganda ao katika kambi moja ya zile zenye zimekwisha kuvunjwa. Nyumba yake ilianguka, na migomba yake wamekula wengine. Katika jamaa yetu tumekubaliana kwamba kwenye kila ukumbusho wa mjomba mtu mmoja asimame, aseme mbele ya wote ugonjwa wake ulikuwa nini, na kwamba yule mama hakuwa na kosa. Tumefanya hivyo mara kadhaa. Mwanzoni wazee wengine walinung'unika. Mara ya mwisho mmoja wao alininong'oneza, akauliza siku gani wanapima tansioni kwenye kituo.